Hawakuhama walipoambiwa wahame: je, wamepoteza ulinzi wa sheria?

"Asalaam alaykum wakili. Nakuandikia kutoka Tanga, Ngamiani. Mdogo wangu aliolewa Goma, mashariki mwa Kongo, mumewe ana duka la vitenge na soda mtaa wa Birere. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia mjini, wapiganaji walikaa kwenye shule iliyo nyuma ya nyumba yao, wakaweka na mzinga uwanjani. Jioni kuna watu wenye silaha walipita wakisema wenyeji waondoke. Mdogo wangu hakuondoka kwa sababu mama mkwe amepooza. Usiku bomu likaanguka nyumba ya jirani, likaua mama na binti yake, na mtoto wa mdogo wangu wa miaka tisa akavunjika paja. Shemeji alitoka asubuhi kutafuta maji, hajarudi mpaka leo. Hapa nyumbani wajomba wanasema kisheria hakuna wa kulaumiwa: wapiganaji walikuwa pale, watu walishaonywa, na shemeji mwenyewe alikuwa akiwauzia soda na vocha, kwa hiyo naye ni wao. Mwingine anasema sheria za kimataifa ni karatasi za Wazungu tu. Nataka kujua ukweli. Na sisi tufanye nini?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Poleni sana, wewe na mdogo wako, na Mungu awarehemu jirani zake waliotangulia.

Nikisoma barua yako naona hofu moja imezidi nyingine zote: kwamba huenda mdogo wako alikosea kubaki, na kosa hilo likamfanya yeye na wanawe wawe halali kupigwa. Hapana. Raia aliyebaki nyumbani kwake ni raia. Aliyebaki kwa ajili ya mgonjwa ni raia, aliyebaki kulinda duka ni raia, hata aliyebaki kwa ukaidi tu ni raia. Sheria ya vita haina mahali popote panaposema kwamba mtu asiye mpiganaji anapoteza ulinzi kwa kuwa hakuhama. Wajomba zako wanalisema jambo linalosemwa sana, tena hata na makamanda, lakini kulisema mara nyingi hakulifanyi kuwa sheria.

Hilo la karatasi za Wazungu nalijibu mapema ili lisituzuie njiani. Mikataba minne ya Geneva iliandikwa 1949, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa chini ya wakoloni, na hapo mjomba ana haki ya kulalamika. Lakini kanuni nyingi ninazokueleza leo zimo katika Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza, iliyojadiliwa Geneva kati ya 1974 na 1977. Waafrika walikuwa ndani ya ukumbi ule, wakiwemo wawakilishi wa vyama vya ukombozi vilivyotambuliwa na OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ile ambayo Kamati yake ya Ukombozi ilikuwa na makao Dar es Salaam. Walipambana mpaka vita vya kupigania uhuru vikaandikwa kuwa vita vya kimataifa mbele ya sheria. Watu waliokuwa wakipigwa mabomu na Wareno wasingehangaika miaka mitatu kwa kitu wanachokiona hakina maana. Tanzania imefungwa na Mikataba hiyo tangu 1962 na Itifaki tangu 1983. Kongo nayo imefungwa.

Utasikia pia ubishi kwamba Goma ni vita vya ndani ya nchi, au ni vita vya nchi na nchi, maana wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kadhaa kuwa jeshi la Rwanda linalisaidia kundi la waasi la M23, na Rwanda imekanusha. Kwa baadhi ya mambo ubishi huo una uzito mkubwa, mathalan hadhi ya mpiganaji akikamatwa. Kwa swali la mdogo wako hauna. Kumtofautisha raia na mpiganaji, kupima madhara na kuchukua tahadhari ni kanuni za desturi zinazomfunga kila anayeshika silaha, awe askari wa serikali au wa kundi la msituni. Hazisubiri sahihi ya mtu.

Sasa tuje kwenye onyo, maana hapo ndipo wajomba wamejichimbia.

Ni kweli sheria inamtaka mshambuliaji atoe onyo la mapema pale shambulio litakapowagusa raia, isipokuwa mazingira hayaruhusu. Lakini inataka onyo lenye kufaa: linalowafikia watu, kwa lugha wanayoielewa, lenye muda wa kutosha, na lenye njia ya kupita. Hapa Tanga tuna mfano wetu. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza HMS Fox iliingia bandarini, na nahodha wake akampa mkuu wa wilaya wa Kijerumani saa moja awe amesalimisha mji. Siku mbili baadaye watu walikuwa wakipigana mitaani, nyumba kwa nyumba. Kanuni za Hague za 1907 zilizotumika wakati ule zilidai kamanda azionye mamlaka za mji kabla ya kupiga mizinga. Mamlaka, siyo wananchi. Mama wa Kidigo aliyekuwa na mgonjwa ndani hakuwa na nafasi katika sentensi ile. Mwaka 1977 sentensi ilibadilishwa, na sasa anayetakiwa kunufaika na onyo ni raia mwenyewe.

Na hata onyo likitolewa vizuri kabisa, kazi yake ni kuwapunguzia watu hatari. Halimpi aliyelitoa ruhusa ya kuwahesabu waliobaki kuwa adui. Baada ya kuonya, bado analazimika kuuliza: nani amebaki mle ndani? Katika mji wowote wenye watu jibu linajulikana: wazee, wagonjwa, wajawazito, watoto, na wale wanaowatunza. Kamanda anayejifanya hakulijua hilo hadanganyi mtu mwenye akili.

Kuna jambo jingine hujaligusa, nalo ni zito. Wale watu wenye silaha waliopita jioni walikuwa wa upande gani? Kama ni wa upande uliorusha bomu, tunazungumzia onyo la mshambuliaji. Kama ni wale waliokuwa pale shuleni, basi lile si onyo la mshambuliaji hata kidogo. Ni wao waliokuwa wakijaribu, kwa uchache na kwa kuchelewa, kutimiza wajibu wao wenyewe wa kuwaweka raia mbali na hatari. Muulize mdogo wako kwa upole anakumbuka nini: sare, lugha, walikotokea, walikoelekea.

Maana hao wa shuleni nao wana lao la kujibu. Sheria inamtaka kila upande, kadiri unavyoweza, usiweke silaha na vikosi katikati ya makazi. Mzinga uwanjani mwa shule, nyuma ya nyumba zilizobanana, unaugeuza uwanja ule kuwa shabaha ya kijeshi kwa muda uliokaa pale. Na kama waliwaweka watu pale kwa makusudi ili wasipigwe, hiyo ni ngao ya binadamu, na ni kosa kubwa. Ila hapa ndipo wengi wanapoteleza: kosa la hao halifuti wajibu wa wale. Ibara ya 51 ya Itifaki imelisema bila kuzunguka, kwamba upande mmoja ukivunja sheria, upande wa pili bado unadaiwa kila kitu ulichokuwa unadaiwa kwa raia. Na ibara ya 50 inasema kuwepo kwa wapiganaji miongoni mwa raia hakuwaondolei raia hao hadhi yao. Kwa hiyo mzinga ulikuwa shabaha. Nyumba ya jirani haikuwa.

Mtu atauliza, basi kama mzinga ulikuwa shabaha halali, na nyumba iko hatua chache tu, yule mrushaji angefanyaje? Swali ni la haki, na jibu lake linategemea sana silaha yenyewe.

Chukua kombora la mzinga la milimita 155, ambalo majeshi mengi duniani wanalo. Lina uzito wa kilo arobaini na kitu. Likipasuka, ganda lake la chuma linachanika vipande vingi vyenye ncha vinavyoruka pande zote. Likirushwa bila kifaa cha kuliongoza, kutoka kilomita nyingi, kuangukia mita mia moja au zaidi kutoka lilipolengwa ni jambo la kawaida, wala si hitilafu. Au chukua ile mitambo ya roketi za milimita 122 inayobebwa kwenye lori: ina mirija 40, na inaitema yote kwa sekunde ishirini hivi. Imetengenezwa kulifunika eneo zima. Sasa jiwekee mtaa wa Ngamiani mbele ya macho, barabara ya kumi na mbili kwa mfano, nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, ua mmoja familia tatu, duka mbele na jiko nyuma. Silaha yenye kosa la mita mia moja, ikilenga uwanja wa shule katika mtaa kama huo, haijachagua shule. Imechagua mtaa mzima.

Ndiyo maana sheria haiishii kuuliza "ulilenga nini?" Inauliza pia ulitumia nini, saa ngapi, na kwa kujua nini. Shambulio lisiloweza kuelekezwa kwenye shabaha maalumu limekatazwa. Kuuhesabu mtaa mzima kuwa shabaha moja, wakati ndani yake kuna shabaha chache zilizoachana, kumekatazwa. Na hata silaha ikiwa sahihi, bado kuna mizani: madhara kwa raia yanayotarajiwa yasipindukie faida halisi na ya moja kwa moja ya kijeshi inayotarajiwa. Je, palikuwa na silaha ndogo zaidi? Palikuwa na saa nyingine ambayo nyumba zingekuwa tupu? Usiku ni saa ambayo kila mtu yuko kitandani. Hilo mrushaji alilijua bila kuambiwa na mpelelezi yeyote.

Madhara hayaishii kwenye mlipuko pia. Shemeji yako alitoka kutafuta maji. Katika siku zile za Goma umeme na maji vilikatika, kwa kuwa pampu zinaendeshwa kwa umeme, na umeme ukikatika mabomba yanakauka. Watu wakaingia barabarani na madumu huku risasi zikiendelea. Naamini kabisa kwamba anayepanga shambulio mjini anapaswa kuyahesabu na hayo, kwa sababu anayajua kabla. Wapo wanasheria wa kijeshi wanaotaka hesabu iishie kwenye vipande vya chuma. Sikubaliani nao, na nchi zaidi ya 80 zilizoidhinisha azimio la Dublin la Novemba 2022 kuhusu silaha za milipuko mijini zimeyatambua madhara haya yanayofuata baada ya mlipuko. Azimio lile ni ahadi ya kisiasa, halina nguvu ya mkataba. Lakini linaonyesha mambo yanaelekea wapi.

Sasa shemeji. Kuuza soda na vocha hakumfanyi mtu mpiganaji. Raia anapoteza ulinzi pale tu anaposhiriki moja kwa moja kwenye mapigano, na kwa muda anaoshiriki: anaporusha, anapobeba risasi kuwapelekea walio mstari wa mbele, anapokaa dirishani akiwaelekeza wanaorusha. Mwenye duka anayemuuzia kila aingiaye, tena mara nyingine bila uwezo wa kukataa maana mteja ana bunduki, hayumo. Hata angekuwa anawapenda moyoni, kupenda si kushiriki. Na pakiwa na shaka, sheria inaamuru mtu ahesabiwe raia. Nawaomba wajomba waache kulisema lile neno "ni wao", hasa kwenye simu na kwenye makundi ya WhatsApp. Katika mji unaoshikiliwa na watu wenye silaha neno hilo linaweza kumfikia mtu asiyefaa, na shemeji bado hajapatikana.

Umetaka ukweli, basi na upande usiopendeza nikueleze. Kwamba mama na binti wameuawa hakuthibitishi peke yake kuwa kuna uhalifu wa kivita. Kuna mashambulio yanayoua raia na bado yako ndani ya sheria, na inaniuma kulisema hilo kwa mtu aliyefiwa. Kinachopimwa ni uamuzi wa mshambuliaji kwa taarifa alizokuwa nazo, au alizopaswa kuzitafuta, wakati ule. Kwa hiyo ushahidi ndio kila kitu, na ushahidi wa mizinga ni mgumu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya vita vya Yugoslavia ilimtia hatiani Jenerali Stanislav Galić wa Waserbia wa Bosnia kwa kuwapiga raia wa Sarajevo kwa risasi na makombora, na rufani ya 2006 ikampa kifungo cha maisha. Mahakama hiyohiyo ilimtia hatiani Ante Gotovina, jenerali wa Kroatia, mwaka 2011, ikitumia hoja kwamba makombora yaliyoanguka zaidi ya mita 200 kutoka kwenye shabaha hayakuilenga. Mwaka uliofuata majaji wa rufani waliikataa hesabu hiyo ya mita 200, na watatu kati ya watano wakaamua aachiwe. Ndivyo kesi hizi zilivyo.

Karibu zaidi na Goma, Bosco Ntaganda, ambaye baadaye alikuwa M23, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai miaka 30 mwaka 2019, kwa mambo aliyoyafanya Ituri 2002 na 2003, yakiwemo mashambulio dhidi ya raia. Miaka kumi na sita ilipita kati ya tendo na hukumu. Oktoba 2024 mwendesha mashtaka wa mahakama hiyo alitangaza kufufua uchunguzi kuhusu Kivu Kaskazini, mkoa wenye mji wa Goma.

Kesi ambayo ningependa familia yako iifahamu kuliko zote ni ya Kisangani. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji ule wa Kongo, na raia wengi wakafa. Kongo, iliyokuwa imeishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki tangu 1999, ikashinda 2005, na tarehe 9 Februari 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325 kwa madhara yote ya vita vyake ndani ya Kongo, siyo ya Kisangani pekee, ambapo milioni 225 ni kwa madhara ya watu. Serikali ya Kongo iliunda mfuko wa kuwafidia wahanga, makao yake Kisangani. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya hapo kwa mbali sana, lakini majaji waliona ushahidi wa nani alidhurika, wapi na vipi haukutosha, wakaishia kukadiria. Watu walikuwa wameumia kweli, ila kumbukumbu zilikuwa chache.

Kwa hiyo mdogo wako atunze kumbukumbu, ila usalama wake utangulie. Kama kuwa na picha za uharibifu kwenye simu kutamletea matatizo kwenye kizuizi, azifute na abaki salama. Akiweza, akutumie wewe. Picha ioneshe nyumba pamoja na kitu kisichohama, mnara, mti mkubwa au ukuta wa shule. Zitumwe kama faili, kwa sababu picha ya kawaida ya WhatsApp hupungua ubora na kupoteza taarifa zake za ndani. Wewe ziweke bila kuzihariri, wala usizirushe kwenye makundi. Aandike au akusimulie yote mara moja kwa utulivu, wewe uandike: saa, sauti ilitokea upande gani, milio mingapi, nani alikuwepo. Makaratasi ya hospitali na picha za mguu za eksirei yasipotee. Kipande chochote cha chuma kilicho bado mle ndani, au bomu ambalo halikulipuka, asikiguse yeye wala watoto. Wasogee mbali, wawaambie watu wa kuondoa mabomu au wa Msalaba Mwekundu. Mtoto, kama paja bado linamuuma au anashtuka usiku, arudishwe kwa daktari, na hilo la kushtuka nalo lisemwe.

Kuhusu kesi, asianze kumlipa wakili yeyote sasa. Mahakama ya Afrika iko hapa kwetu Arusha, na Juni 2025 ilisema ina mamlaka ya kusikiliza shauri la Kongo dhidi ya Rwanda, lakini raia wa Kongo hawezi kufungua lake mwenyewe pale, kwa kuwa nchi inayoshtakiwa ndiyo inayotakiwa kuwa na tamko la kuruhusu, na Kongo haijalitoa, na Rwanda imeliondoa lake. Kilicho mkononi mwake leo ni kumbukumbu, na kutoa maelezo kwa wachunguzi wa Umoja wa Mataifa au shirika la haki za binadamu linaloaminika, mahali ambapo hataonekana. Kabla hajatoa maelezo hayo, nipigieni simu au muoneni mwanasheria ana kwa ana. Kuna mambo ya usalama wa shahidi ambayo hayaandikwi hapa.

Lisilosubiri ni kumtafuta shemeji. Familia ina haki ya kujua ndugu yao yuko wapi, hai au maiti, na Itifaki imeitaja haki hiyo waziwazi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na vyama vya Msalaba Mwekundu vya nchi wanafanya kazi hiyo pamoja, bure. Wanauliza hospitali, magereza na kambi, na wana njia ya kuzungumza na pande zote za vita. Mdogo wako afungue ombi Goma, na wewe fungua hapa kupitia ofisi ya Msalaba Mwekundu ya mkoa, maana watu wengi wa Kivu huvuka Ziwa Tanganyika na kufika Kigoma. Akitokea mtu kwenye simu anasema amemuona shemeji na anataka pesa ili amtoe, msitume hata shilingi, na waambieni Msalaba Mwekundu.

Nenda wiki hii. Beba jina lake kamili na majina mengine anayoitwa, jina la baba na la mama yake, mwaka na mahali alipozaliwa, picha ya karibuni, nguo aliyovaa asubuhi ile, na njia aliyozoea kupita kwenda kuteka maji.